Taya linalochomoka mara kwa mara: ya kuzingatia kabla ya upasuaji

Aliyewahi kupiga miayo akabaki kinywa wazi, mate yakimchuruzika, asiweze kumeza wala kusema, haombi yampate tena. Wapo yanaowapata kila wiki. Mtu wa namna hiyo akitajiwa upasuaji hukubali palepale, na kabla hajaweka sahihi ningependa ajue machache.

Kubwa kuliko yote ni sababu. Kichwa cha taya la chini hukaa kwenye kishimo mbele ya sikio. Ukifumbua kinywa huteleza mbele hadi kwenye kilima kidogo cha mfupa. Kikikivuka, misuli hukaza na kukizuia kisirudi. Kuna waliozaliwa na kano zilizolegea, kuna waliopoteza magego, kuna wenye kifafa, na kuna wanaotumia dawa zinazoweza kukaza misuli ghafla, kama haloperidoli ya magonjwa ya akili au metoklopramidi ya kuzuia kutapika. Kisu hakitibu kifafa wala hakibadilishi dawa. Basi andika kila unachokunywa, hata mitishamba, umpelekee daktari. Aspirini na warfarini azijue mapema, kwa sababu huzuia damu kuganda, lakini usiziache kwa uamuzi wako. Dawa ya kifafa usiiruke hata siku moja.

Uliza pia kama njia nyepesi zimeshajaribiwa: kufungwa bandeji, kuchomwa kiungoni damu yako mwenyewe ili kovu lake libane, au sindano ya botulinamu inayolegeza misuli kwa miezi michache.

Zikishindikana, uliza utafanyiwa upasuaji upi, maana kuna wa aina mbili zenye nia tofauti kabisa. Wa kwanza, ambao Myrhaug wa Norway aliuandikia mwaka 1951, hukichonga kilima ili taya likiteleza lirudi lenyewe bila kukwama. Wa pili huongeza kizuizi: katika njia ya Dautrey, upinde wa mfupa wa shavu hukatwa na kushushwa mbele ya kichwa cha taya, lisipite. Anayechongwa kilima hukubali kwamba taya litaendelea kusogea sana. Asije akadhani kazi imeharibika. Picha ya CT, yaani eksirei ya kompyuta, ni muhimu hapa, kwani baadhi ya watu wana vyumba vya hewa ndani ya kilima hicho, na ubongo hauko mbali.

Chale hupigwa mbele ya sikio, karibu na mshipa wa fahamu unaoinua nyusi. Ukiguswa, nyusi za upande huo zinaweza kulegea, mara nyingi kwa muda, mara chache moja kwa moja. Mwambie daktari akueleze hilo waziwazi.

Ya siku yenyewe ni mepesi. Fumua nywele ulizosuka. Kwa kawaida chakula husimama saa sita kabla ya nusukaputi, na maji matupu saa mbili, ila fuata utakavyoambiwa wodini. Tafuta wa kukurudisha nyumbani. Weka tayari uji, mtori na supu, kwa sababu kutafuna kutasubiri.

Na anza leo kujizoeza kupiga miayo ukiwa umeweka ngumi chini ya kidevu. Baada ya upasuaji utaihitaji ngumi hiyo hata usiku, ukiwa nusu usingizini.