Somo: Istilahi za fasihi ya Kiingereza kupitia soneti moja

Wanafunzi wengi wa fasihi ya Kiingereza hukariri maana za istilahi neno kwa neno, kisha wakikutana na shairi geni huishia kuandika kwamba mshairi ametumia sitiari, yaani kuita kitu kwa jina la kingine, bila kueleza sitiari hiyo imefanya kazi gani. Katika somo hili tutachukua shairi moja tu, soneti ya 18 ya William Shakespeare, iliyochapishwa mwaka 1609 pamoja na nyingine 153. Liweke shairi mbele yako na ushike penseli.

Hatua ya kwanza: umbo. Hesabu mishororo, utapata 14. Kisha utazame neno la mwisho la kila mshororo na uandike herufi pembeni, A kwa mlio wa kwanza, B kwa mlio mpya, na kuendelea. Utapata ABAB CDCD EFEF GG, yaani tarbia (beti za mishororo minne) tatu na tathnia (ubeti wa mishororo miwili) moja. Kina cha kati, tulichokizoea katika mashairi yetu ya mizani 16, hapa hakimo.

Hatua ya pili: mizani. Kila mshororo una silabi 10, lakini Kiingereza hupima pia mkazo: silabi nyepesi hufuatwa na nzito, mara tano. Mpangilio huo huitwa pentamita ya iambi. Soma kwa sauti huku ukigonga meza kwenye silabi nzito, kwa maana jicho peke yake halitoshi. Ukifika mshororo wa 3, unaotaja pepo kali, utajikuta ukizitamka silabi mbili za mwanzo kwa uzito, na upepo wenyewe utausikia.

Hatua ya tatu: lugha ya picha. Jua linaitwa jicho la mbingu. Hiyo ni sitiari. Kifo kinapewa uwezo wa kujigamba. Hiyo ni tashihisi, kukipa kisicho mtu tabia ya mtu.

Hatua ya nne: hoja. Hapa ndipo ninapowaomba mtulie zaidi. Mshororo wa 1 unauliza kama mpendwa afananishwe na siku ya kiangazi, ambacho Uingereza ni kifupi na husubiriwa kwa hamu. Mshororo wa 2 unatoa dai: mpendwa anapendeza zaidi, tena ni mtulivu zaidi. Kuanzia wa 3 hadi wa 8 ni ushahidi: pepo huyatikisa machipukizi ya Mei, jua mara huchoma mara hufifia, na kila kizuri hatimaye hupungukiwa uzuri wake. Lakini ushahidi huo unalihatarisha dai lenyewe, kwa sababu mpendwa naye ni miongoni mwa vizuri hivyo. Ndipo mshororo wa 9 unapoanza kwa "But" na mwelekeo kugeuka: kiangazi chake yeye hakitafifia. Mgeuko huo huitwa volta. Tathnia ya mwisho inahitimisha kwamba maadamu watu wanapumua, shairi hili litaishi na kumpa mpendwa uhai.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. "Temperate" na "date" mbona havilingani vina? Nimekosea kuandika B?

Marahaba. Hujakosea. Maandishi yanafanana ilhali matamshi ya leo hayafanani, na kina cha namna hiyo huitwa kina cha macho. Matamshi ya Kiingereza yamebadilika sana tangu enzi hizo.

Mwalimu, kama anamfananisha mpendwa na siku, kwa nini usiseme ni tashbihi, yaani mfananisho wa wazi wa vitu viwili?

Kwa sababu anauliza tu kama afananishe, kisha anaonyesha kwamba mfano huo haumtoshi mpendwa. Andika kwamba mshairi anaukataa mlinganisho. Jibu hilo lina uzito kuliko kutaja jina la tamathali.

Naomba kuuliza, katika insha nimwite mpendwa "he" au "she"?

Soneti hii peke yake haisemi. Kiswahili kingekuokoa kwa "yeye", lakini kwa Kiingereza andika "the beloved". Vivyo hivyo, anayezungumza mwite msemaji wa shairi, usimwite Shakespeare, kwani mshairi anaweza kuivaa sauti isiyo yake.