Kabla Hujakimbia Ukingoni: Mambo ya Kuzingatia Unaporuka na Bawa Newala

Ukisimama Shimo la Mungu, pale Newala, ukatazama bonde la Ruvuma hadi upande wa Msumbiji, miguu yenyewe inataka kukimbia. Uwanda wa Makonde unakatika ghafla na mbele yako ni anga tupu. Ndiyo maana maandalizi ya kuruka na bawa, chombo kisicho na injini ambacho mrukaji hupaa akining'inia chini yake, yaanze siku moja kabla, mahali ambapo mandhari hayakupi haraka. Kibali uwe umeshakiulizia Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na viongozi wa kijiji utakakotua wawe na habari zako.

Kisha shuka bondeni ukapaone kwa miguu. Kutoka juu, mikorosho inaonekana kama majani laini. Ukifika chini unakuta matawi mapana yaliyoinama hadi karibu na ardhi. Waya za umeme ndizo mbaya zaidi, kwa sababu angani huzioni. Tafuta nguzo, na ukiona nguzo mbili jua kuna waya kati yake.

Upepo ndio unaoamua kama siku ipo au haipo. Bawa huondoka likiukabili upepo, kamwe si kwa upepo wa mgongoni. Upepo unaotoka upande wa bahari huweza kuvuka uwanda ndipo ufike kwenye ukingo unaotazama bonde. Hapo upepo unakutoka nyuma, unamwagika chini na kujiviringisha, na mzunguko huo huweza kuliangusha bawa hata kama pale uliposimama pametulia. Funga utepe mwepesi ukingoni, mwingine hatua kadhaa nyuma yako, halafu tazama moshi wa mashamba kule chini. Vikipingana, kunja bawa urudi nyumbani. Upepo wa ghafla ghafla nao usiuvumilie, hasa mchana jua linapochemsha ardhi.

Bawa lenyewe, ambalo wengine huliita hengiglaida, ni tanga lililotandazwa juu ya mabomba ya aluminiamu. Anza ukaguzi puani, yaani kwenye ncha yake ya mbele, lizunguke lote, umalizie puani. Kila nati unayoifunga kwa mkono iwe na pini yake ya usalama. Pitisha kitambaa juu ya kila waya, taratibu zaidi pale unapoingia kwenye kiungo, maana uzi mmoja wa chuma uliokatika hunasa kitambaa kabla jicho halijauona. Kama bawa linatunzwa Mtwara mjini au Mikindani, kagua kutu kila safari. Chumvi ya bahari haina huruma na chuma. Mbavu, yaani vijiti vinavyolipa tanga umbo, zote ziwe zimeingia hadi mwisho. Parashuti ya akiba: pini ipo, mpini unafikika. Helmeti ifungwe kidevuni.

Hayo yote yanaweza kuwa sawa na bado ukafa, ikiwa wewe mwenyewe hujafungwa kwenye bawa. Mrukaji hulala ndani ya hanesi, vazi lenye mikanda ya mapajani, na hanesi hushikwa na karabina, pete ya chuma inayojifunga, kwenye mshipi unaoshuka kutoka bomba la katikati. Mwaka 2018, huko Uswisi, rubani aliondoka na abiria ambaye rubani huyo alisahau kumfunga. Abiria yule alining'inia kwa mikono zaidi ya dakika mbili, akatua akiwa amevunjika kifundo cha mkono. Walikuwa wawili, na hakuna aliyeona.

Najua inavyotokea. Nilikuwa nimekwisha kufunga mkanda wa paja moja, mzee akapita na jembe begani. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, tukaulizana habari za nyumbani na za mvua. Alipoondoka nikachukua helmeti nikaifunga, moyo ukiniambia nimemaliza. Mkanda wa pili ulikuwa unaning'inia. Salamu ya mzee ni haki yake na siku nyingine nitamwamkia tena. Kosa langu lilikuwa kuendelea pale nilipodhani nimeishia. Tangu hapo, nikikatishwa na mtu, simu au mtoto anayetaka kugusa tanga, naanza upya kutoka mguu wa kwanza.

Ukishajifunga, msaidizi ashike waya za puani, nawe ulale kabisa chini ya bawa. Tazama karabina imejifunga, mshipi wa akiba umo, mikanda ya mapaja yote miwili imebeba uzito, na kifua kinapita juu ya bomba la kushikia bila kuligusa. Jaribio hili halitoshi, kwa sababu watu hujifungua baadaye wakarekebishe kitu kidogo, upepo ukipendeza wakasahau.

Kwa hiyo liko moja la mwisho, la pumzi mbili tu kabla ya kukimbia: nyanyua bawa mpaka mishipi inyooke. Ukihisi mikanda imekuvuta mapajani, kazia macho mbele, kimbia. Usipohisi kitu, liweke bawa chini.