Msimbo mbovu kazini: kucheka nao, kuuelewa, kuurekebisha

Funksheni ya mistari 900. Ndani yake vigeu vitatu: data2, data2_mpya na data2_mpya_mwisho. Juu yake maelezo ya mstari mmoja: "Usiguse, inafanya kazi." Anayeandika programu kwa ajira atakutana na faili la namna hii, na kicheko cha kwanza ni haki yake. Kicheko cha pamoja humpa mgeni ujasiri wa kusema "hapa sielewi" badala ya kukaa kimya siku tatu. Lakini mzaha ukitangulia uelewa, watu huanza kuficha kazi zao na msimbo hubaki ulivyo. Kwa hiyo anza na sababu.

Umetoka wapi?

Git ni programu inayotunza historia ya msimbo. Amri yake ya `git blame` huonyesha jina la aliyeugusa mstari mara ya mwisho, naye si lazima awe ndiye aliyeubuni. Aliyenyoosha mpangilio wa faili zima siku moja ataonekana mwandishi wa kila kitu. Ongeza `-w` ili mabadiliko ya nafasi tupu yasihesabiwe, na `-C` ili mistari iliyohamishwa kutoka faili jingine lililobadilishwa wakati huohuo ifuatwe hadi ilikotoka. Ukitaka kujua namba ya ajabu iliingia lini, `git log -S"86400"` itakupa kila badiliko lililoiongeza au kuiondoa.

Soma ujumbe wa badiliko hilo na tarehe yake. Mara nyingi utakuta mteja mmoja mwenye hitaji la pekee, au usiku ambao mfumo ulianguka na mtu akaziba tundu kwa alichokuwa nacho mkononi. Sharti linaloonekana la kipuuzi huenda limeshikilia kitu. Liking'olewa kabla hakijajulikana, hitilafu ya zamani hurudi.

Kucheka bila kumuumiza mtu

Usipige picha ya skrini ya msimbo wa kazini ukaipeleka nje. Inaweza kuwa na jina la mteja, anwani ya seva au nenosiri. Andika upya mfano wa mistari 5 hadi 10 wenye kasoro ileile, kwa majina ya kubuni. Na ukikuta nenosiri ndani ya msimbo, kulifuta kwenye faili hakutoshi, maana historia ya Git bado inalo. Libatilishe kwanza, weka jipya mahali pa siri, ndipo usafishe faili.

Mzaha ukae nje ya ukaguzi wa msimbo. Kwenye ukaguzi, "nani aliandika uchafu huu?" haimwambii mwenzako afanye nini. "Orodha ikiwa tupu, mstari wa 42 unagawanya kwa sifuri" inamwambia tatizo, mahali lilipo na namna ya kulijaribu. Aliyeandika akiwa mwanagenzi, zungumza naye ana kwa ana kabla ya kuandika chochote mbele ya timu nzima.

Ubaya wa sura na ubaya wa madhara

Jina baya la kigeu linachosha macho, linaweza kusubiri. Haya hayasubiri:

Kosa linalomezwa. `catch` (sehemu ya msimbo inayopokea kosa) ikiwa tupu hufanya programu iendelee kana kwamba faili limehifadhiwa, kumbe halikuhifadhiwa. Usikimbilie kuiondoa, kwa sababu huenda inameza makosa mia kwa siku na mfumo utasimama. Kwanza andika kila kosa kwenye logi (daftari la matukio ya programu) pamoja na pembejeo, yaani data iliyoingizwa, iliyolisababisha, bila data za siri. Acha wiki moja au mbili, kisha amua kila aina ya kosa ishughulikiwe vipi.

Fedha katika namba za desimali za kompyuta. Lugha nyingi zitakuambia 0.1 + 0.2 ni 0.30000000000000004, kwa kuwa sehemu hizo haziandikiki kikamilifu katika mfumo wa jozi. Hifadhi kiasi kama namba kamili ya kipimo kidogo kabisa cha sarafu, au tumia aina ya desimali halisi ya lugha yako.

Siku iliyoandikwa kama sekunde 86,400. Katika nchi zinazosogeza saa mara mbili kwa mwaka, zipo siku za saa 23 na za saa 25. Ongeza siku kwa kutumia maktaba ya tarehe.

Maneno ya mtumiaji yaliyobandikwa ndani ya hoja ya SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata. Hili lirekebishwe leo, kwa vigezo vinavyopitishwa kando ya hoja.

Na hata sura huweza kugeuka madhara. Mwaka 2014 Apple ilirekebisha dosari ya usalama iliyotokana na mstari mmoja, `goto fail;`, uliorudiwa chini ya `if` isiyo na mabano. Ule wa pili ulitekelezwa kila mara, na uhakiki wa saini ukarukwa. Ndiyo maana kanuni ya "mabano daima" ina uzito.

Funga tabia ya sasa

Kabla ya kubadilisha herufi moja, kusanya pembejeo halisi 20 au 30, ondoa taarifa za watu, pitisha kila moja kwenye funksheni na uhifadhi matokeo. Jaribio lako litalinganisha matokeo mapya na hayo. Ongeza za pembeni: orodha tupu, sifuri, namba hasi, tarehe 29 Februari, jina lenye alama ya ritifaa kama ng'ombe. Funksheni ikisoma saa au namba za nasibu, ipe saa na namba kutoka nje kama vigezo, la sivyo jaribio litapita asubuhi na kufeli usiku.

Tokeo likionekana kosa, lihifadhi hivyohivyo kwanza. Huenda ripoti fulani imeshajengwa juu ya kosa hilo. Uliza, kisha lirekebishe katika badiliko lake la pekee.

Badilisha kwa vipande

Kubadili majina na kubadili tabia visichanganywe. Mkaguzi anayepewa mistari 1,500 huipitisha bila kuisoma. Jaribu kubaki chini ya 300. Masharti yaliyopandana ngazi sita yageuze: kila hali isiyofaa irudishe jibu mapema, na kazi yenyewe ibaki ukingoni mwa kushoto. Nakala mbili zinazofanana ziache kwanza, kwani huenda zinabadilika kwa sababu tofauti. Ya tatu ikijitokeza, ziunganishe.

Msimbo usiotumika ufutwe, ila kwa uangalifu. Weka mstari wa logi ndani yake na usubiri mzunguko mzima wa kazi, pamoja na mwisho wa mwezi, na ikibidi mwisho wa mwaka. Kuuacha milele nako kuna gharama. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya hisa ya Knight Capital ilitumia tena swichi ya zamani kuwasha kazi mpya. Seva moja kati ya 8 haikuwa imepata msimbo mpya, na humo swichi ileile iliamsha funksheni iliyokuwa haitumiki kwa miaka. Ndani ya dakika 45 hivi kampuni ilipoteza zaidi ya dola za Marekani milioni 400.

Hamu ya kutupa vyote na kuanza upya izuieni mapema. Toleo la 4 la kivinjari cha Netscape lilitoka mwaka 1997. Lililofuata, la 6, lilisubiriwa hadi Novemba 2000 kwa sababu msimbo uliandikwa upya, na muda huo washindani hawakukaa kusubiri.

Kuomba muda

Meneja hasaidiki na neno "uchafu". Mpe hesabu:

`git log --oneline --since="6 months ago" -- njia/ya/faili | wc -l`

Hiyo ni idadi ya mara faili limebadilishwa kwa miezi 6. Linganisha na orodha ya hitilafu, uone mara ngapi kati ya hizo zilikuwa za kurekebisha hitilafu. Kisha omba siku mbili kwa funksheni moja, ile inayoongoza kwa hitilafu, hata kama kuna nyingine inayochekesha zaidi.