SOMO: Kufuga farasi kwenye eneo dogo Arusha na Moshi (usimfuge kama ng'ombe wa ndani)

Wakuu habari zenu. Watu wanazidi kuulizia farasi huku kwetu, mmoja ana nusu ekari Njiro, mwingine ana kihamba (shamba la ukoo) cha mzee Machame, na swali lao ni lilelile, eneo dogo inawezekana? Inawezekana, ila ukimfungia bandani ukamkatia majani asubuhi na jioni kama ng'ombe wa ndani utampoteza. Ng'ombe anajaza tumbo af analala anacheua. Farasi hacheui, tumbo lake ni dogo, limeumbwa kupokea kidogo kidogo mchana na usiku, na akishameza kibaya hawezi kukitapika. Karibu kila ninachosema hapa chini kinatokana na hilo.

1. Mwenzake kwanza. Farasi ni mnyama wa kundi, akiwa peke yake anakosa raha, anatafuna mbao, anazunguka banda siku nzima. Kama huwezi farasi wawili, tafuta hata mbuzi au punda.

2. Banda na uwanja. Futi 12 kwa 12 kwa farasi mmoja, paa liwe juu, hewa ipite, chini weka maranda ya kutosha. Banda ni la kulala na kukwepa mvua tu, mchana atoke. Nje mtengenezee uwanja wa moramu wenye mteremko kidogo maana masika, Machi mpaka Mei, udongo wetu unageuka tope na akisimama kwenye tope kutwa kwato zinaoza. Nyasi za nusu ekari usizihesabu kama chakula, atazimaliza na kuzikanyaga zote. Na tafadhali sana, seng'enge hapana. Farasi akishtuka anakimbia kwanza ndo anaangalia, ile miiba inachana ngozi mpaka mfupa, weka nguzo na mbao.

3. Chakula. Hapa ndo penye kazi. Farasi wa kilo 400 anataka kama kilo 6 mpaka 8 za majani makavu kwa siku, na ugawe mara nne au zaidi, au uyaweke kwenye wavu wenye matundu madogo ili avute polepole. Hei (majani yaliyokaushwa) ya nyasi za rodesi ni nzuri sana. Mabingobingo ambayo wote tunayo kwa ajili ya ng'ombe yasiwe ndo chakula chake kikuu, yana oksaleti inayoshika kalsiamu mwilini, akila hayo tu kwa miezi mifupa inalainika na uso unavimba. Ukilazimika kuyatumia ongeza lusini (majani ya jamii ya kunde) na umuulize daktari kiasi cha chokaa ya mifugo.

Vitu vitatu vinavyoua na viko majumbani kwetu. Kwanza mparachichi, majani, magome na tunda, msimfunge farasi chini yake kamwe. Pili mahindi yenye ukungu, yale mnayosema si ya watu basi apewe mnyama, kuna sumu ya ukungu inaharibu ubongo wa farasi na hakuna dawa. Tatu chakula cha kuku na cha ng'ombe, baadhi huchanganywa dawa iitwayo monensini, kuku haimdhuru lakini farasi moyo unasimama hata kwa kiasi kidogo. Na ukibadilisha chakula chochote, badilisha taratibu kwa siku 7 mpaka 10.

4. Maji. Lita 25 mpaka 40 kwa siku, joto likizidi anaweza kunywa zaidi, na yawepo muda wote. Wa upande wa Meru mnajua floraidi (madini) ya maji yetu inavyoharibu meno, na mifugo nayo inaathirika hivyohivyo, kwa hiyo kinga maji ya mvua kwenye bati.

5. Kwato. Chokonoa kila siku, toa tope na mawe. Ukisikia harufu mbaya kwenye ile pembetatu laini ya katikati ujue banda lina unyevu. Kukata ni kila wiki 6 mpaka 8 hata kama hapandwi.

6. Visubi. Vile vidudu vidogo vya jioni vinaeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, virusi, pundamilia anabeba bila kuumwa na sisi pundamilia tunao jirani. Farasi asiye na kinga anaweza kufa ndani ya siku chache, povu linatoka puani. Mwingize ndani kabla jua halijazama, funga madirisha kwa wavu wenye matundu madogo sana, ondoa maji yaliyotuama, na ongea na daktari wa mifugo kuhusu chanjo mapema kabla ya mvua.

7. Mavi. Anatoa kama kilo 20 kwa siku, zoa kila siku. Lundika mbali na banda yaive, af peleka kwenye migomba na kahawa, majirani watakupenda.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Kibosho: Asante kwa somo. Mie nina dawa ya kuogeshea ng'ombe kupe, naweza kumpulizia farasi?

Jibu: Dada soma chupa kwanza. Ikiwa na amitrazi (sumu ya kuua kupe) usimguse nayo, inasimamisha utumbo wa farasi na chakula kinagandamana ndani. Mwambie daktari akupe inayofaa farasi, kupe wa masikioni na chini ya mkia watoe kwa mkono.

Chalii wa Sakina: Mkuu, farasi wangu analala amesimama, anaumwa?

Jibu: Hapana mdogo wangu, wanasinzia wamesimama. Ila lazima alale chini kidogo kila siku apate usingizi mzito, kama halali kabisa angalia banda ni dogo au haoni usalama.

Mdau Usa River: Punda wangu awe mwenzake, kuna shida?

Jibu: Sawa kabisa, ila wape dawa ya minyoo wote, punda anabeba minyoo ya mapafu bila dalili na farasi akiipata anakohoa sana.

Baba Junior: Nitajuaje tumbo limemshika?

Jibu: Anakwaruza chini, anageuka kuangalia ubavu, anajilaza na kuinuka, anabiringika, anatoka jasho, hanyi. Ondoa chakula chote, piga simu kwa daktari hapohapo usisubiri asubuhi, na mtembeze taratibu kama anataka kubiringika. Usimnyweshe mafuta wala soda kwa chupa, yataingia mapafuni. Hesabu mapigo ya moyo, akiwa ametulia mzima huwa 28 mpaka 44 kwa dakika, ukikuta yamepita 60 mwambie daktari hiyo namba kwanza kabla ya maelezo mengine.