Namna ya Kulisindikiza Shairi kutoka Daftarini hadi Diwanini

Malenga anayetaka tungo zake ziwafikie watu anahitaji madaftari mawili. La kwanza ni la kutungia, nalo kila mtunzi analo. La pili ni la kumbukumbu, ambalo wengi hawalipendi kwa kuwa linafanana zaidi na leja ya mhasibu kuliko na kazi ya sanaa. Katika daftari hili la pili kila shairi lipewe ukurasa wake, na humo iandikwe tarehe lilipokamilika, mahali lilipoghaniwa, jarida lililopelekewa, siku lilipopelekwa, jibu lililorudi na, iwapo kuna mtu aliyekabidhiwa haki yoyote juu yake, ni haki gani na kwa muda gani. Mimi nilijifunza jambo hili kwa aibu: shairi langu moja lilikubaliwa na majarida mawili katika juma moja, kwa sababu nilikuwa nimelituma mara mbili na kusahau, na mhariri niliyelazimika kumwomba radhi hakunijibu tena.

Mpangilio ninaoupendekeza ni kwamba shairi lipite kwanza masikioni mwa watu, ndipo lipelekwe kwa mhariri. Karatasi husitiri makosa ambayo ulimi huyaanika. Ukikwaa mara mbili mahali pale pale wakati wa kughani, kosa huwa si la ulimi bali la mshororo: huenda mizani imezidi, huenda silabi zinazofanana zimesongamana, au huenda neno limewekwa pale kwa ajili ya kina tu na maana imelikataa. Kwa hiyo jukwaa lichukuliwe kuwa meza ya kwanza ya uhariri, na mahali ulipokwaa, au mahali hadhira ilipoanza kujikohoza, pawekewe alama ya penseli usiku ule ule kabla kumbukumbu haijapoa.

Maandalizi ya kughani huanza na saa. Waandaaji wanapokupa dakika tano, dakika hizo zinajumuisha salamu, utangulizi, kufunua kurasa na kunywa maji, hivyo mashairi yenyewe yasizidi dakika nne. Shairi la beti tano, zenye mishororo minne minne ya mizani kumi na sita, lina mizani 320, na kwa mwendo wa utulivu huweza kuchukua kama dakika moja na nusu bila kuhesabu mapumziko baina ya beti. Lakini hesabu isikutoshe, ghani kwa sauti kamili mbele ya saa walau mara tatu. Katika mashindano ya mashairi ya jukwaani, ambayo mshairi Marc Smith aliyaanzisha mjini Chicago, Marekani, katika miaka ya 1980, muda ni sheria kabisa: kwa desturi kila mshiriki hupewa dakika tatu na sekunde kumi za hisani, kisha alama huanza kukatwa, na kati ya waamuzi watano alama ya juu kabisa na ya chini kabisa hutupwa ili upendeleo wa mtu mmoja usiamue matokeo. Hata asiyependa mashindano, nami simo miongoni mwa wapenzi wake, anaweza kuiga nidhamu hiyo ya muda.

Chapa kila shairi kwenye ukurasa wake kwa herufi kubwa, wala usivunje ubeti kati ya kurasa mbili, kwa kuwa mchakacho wa karatasi katikati ya ubeti huua pumzi ya shairi. Weka mkwaju mdogo kwa penseli pale unapokusudia kuvuta pumzi. Katika shairi la arudhi, yaani linalofuata kanuni za vina na mizani, kituo kati ya ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) na utao (nusu ya pili) hujitokeza chenyewe, na hatari yake ni kwamba sauti ikiangukia kila kina kwa uzito ule ule, wasikilizaji huanza kusubiri kina badala ya kusikiliza maana. Dawa yake ni kukipita kina kimoja kwa wepesi kila maana inapovuka mshororo. Katika shairi huru hatari ni ya upande wa pili, kwani msomaji hulisoma kama nathari na mikato ya mistari ikapotea, hivyo kila mwisho wa mstari upewe kimya kifupi ambacho sikio linaweza kukitambua. Kipaza sauti kiwe umbali wa kama shubiri moja kutoka mdomoni, kikielekezwa kando kidogo, ili pumzi ya herufi p na b isikipige moja kwa moja.

Anza na shairi fupi ambalo umeshalizoea, liweke jipya katikati, kisha umalizie na lile unaloliamini kuliko yote. Utangulizi utaje lile tu ambalo msikilizaji hawezi kulikisia, kama vile maana ya neno la kale au jina la mahali. Mtunzi anayeeleza shairi kwa dakika mbili ili alisome kwa dakika moja amelisoma mara mbili, na mara ya kwanza amelisoma vibaya.

Shairi likishatulia, lianze safari ya majarida. Majarida mengi huomba mashairi matatu hadi matano kwa mara moja, na kila jarida lina masharti yake kuhusu idadi, mpangilio wa ukurasa na miezi ambayo hupokea kazi. Masharti hayo yasomwe hadi mwisho, na toleo moja au mawili ya jarida lenyewe yasomwe pia, maana ni kupoteza muda kupeleka tenzi ndefu mahali panapochapisha mashairi mafupi tu. Barua ya kusindikiza iwe ya mistari michache, na wasifu wa maneno hamsini hivi uandikwe kwa nafsi ya tatu. Jambo linalowaponza watunzi wengi wa sasa ni kwamba wahariri kadhaa hulihesabu shairi lililokwisha kuwekwa kwenye mitandao ya kijamii kuwa limeshachapishwa, hata kama liliwekwa kwa siku moja. Basi lile unalolitengea jarida lisitangulie kuonekana huko.

Ikiwa jarida linaruhusu kazi ile ile kutumwa kwingine kwa wakati mmoja, sema wazi katika barua yako kwamba umefanya hivyo, na siku shairi litakapokubaliwa mahali pamoja, wengine wote waarifiwe siku hiyo hiyo. Subira ya miezi mitatu hadi sita ni ya kawaida. Likirudi bila maelezo, lisome tena kwa sauti, kisha litume kwingine. Likirudi na sentensi moja ya mhariri, inakili sentensi hiyo daftarini neno kwa neno, kwa sababu mhariri haandiki sentensi hiyo kwa kila mtu. Na likikubaliwa, uliza ni haki gani zinazochukuliwa. Lililo jema kwa mtunzi ni jarida kuchukua haki ya kuchapisha kwa mara ya kwanza tu, kisha haki zote zikamrudia, la sivyo atakuja kuomba ruhusa ya kuchapisha shairi lake mwenyewe katika diwani yake mwenyewe.

Diwani haikusanywi kwa kurundika yote uliyonayo. Mwaka 1964 UNESCO ilipendekeza, kwa ajili ya takwimu za uchapishaji, kwamba chapisho lenye kurasa zisizopungua 49 bila kuhesabu majalada liitwe kitabu, na lenye kurasa 5 hadi 48 liitwe kijitabu. Mtunzi wa mara ya kwanza asione haya kuanza na kijitabu. Tandaza mashairi yote sakafuni, uyapange kwa namna ambayo mshororo wa mwisho wa moja unaufungulia mlango mshororo wa kwanza wa linalofuata, na uondoe lile ambalo halipati jirani, hata kama lilishinda tuzo. Ukurasa wa shukrani utaje kila jarida lililotangulia kuchapisha, na hapa leja yako itakuokolea juma zima la kupekua barua pepe. Mchapishaji anayesifu kila kitu kisha akakudai fedha za kuchapisha aachwe kwa heshima. Anayejichapishia mwenyewe aombe ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, ambayo tangu 2007 ina tarakimu 13, na amlipe mhariri kabla ya kumlipa mchora jalada.

Ushirikiano na wasanii wengine una raha yake na migogoro yake, na migogoro mingi huzaliwa na mambo ambayo hayakusemwa siku ya kwanza. Mwanamuziki atahitaji kurudia maneno, kufupisha beti au kuvuta irabu ili ziingie katika lahani. Mkubaliane mapema kama anaweza kukata neno bila kukuuliza. Mchoraji asiombwe kuchora kile ambacho shairi limeshasema, bali aachiwe kile ambacho limekinyamazia. Mfasiri apewe rekodi ya sauti yako pamoja na maandishi, kwa sababu mapigo hayaonekani kwenye karatasi, na ajibiwe maswali yake yote, hata yanayokufanya ugundue kwamba wewe mwenyewe hukujua ulimaanisha nini. Wapo pia watunzi wanaotunga pamoja, kama katika renga ya Wajapani, ambamo mmoja hutoa mistari ya silabi 5, 7 na 5, na mwenzake akajibu kwa miwili ya silabi 7 na 7. Na msomaji wa kwanza naye ni mshirika: mshairi Ezra Pound alikata karibu nusu ya muswada wa The Waste Land, shairi refu ambalo mshairi mwenzake T. S. Eliot alilichapisha mwaka 1922, na Eliot alilitabaruku kwake.

Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, mkataba wa kimataifa wa kulinda kazi za fasihi na sanaa, na marekebisho yake, hakimiliki hupatikana bila usajili wowote, hudumu walau miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, na kwa kazi ya pamoja miaka hiyo huhesabiwa tangu kifo cha mshirika wa mwisho. Maana yake ni kwamba wimbo mliouanza kama mchezo wa jioni moja unaweza kuwagusa warithi wenu. Andikeni ukurasa mmoja wa makubaliano: nani atatajwa na kwa utaratibu gani, mapato yatagawanywaje, na kama kila mmoja anaweza kutumia sehemu yake peke yake. Kila mmoja atie sahihi na kubaki na nakala, nayo nakala yako ibanwe kwenye ukurasa wa shairi hilo katika daftari la pili.