Kumpiga picha pimbi

Ukitaka picha nzuri ya pimbi, wafuate asubuhi jua linapochomoza. Mwili wa pimbi haudhibiti joto vizuri, kwa hiyo hutoka na kujianika juu ya mawe wakiwa wamebanana, na mwanga wa saa hiyo ni laini. Kule Lobo, Serengeti, wamezoea watu, unaweza kusogea polepole. Tafadhali usiwarushie chakula ili wakae.

Shuka chini, hata ulale kifudifudi. Kamera ikiwa usawa wa macho yake, mnyama huyu wa kimo cha sungura anaonekana na hadhi yake yote. Ukimpiga kutoka juu anakuwa doa la kahawia tu. Lenga jicho lililo karibu nawe. Kasi ya shata, yaani kifuniko cha ndani ya kamera kinachofunguka na kufunga, iwe 1/500 ya sekunde au ya haraka zaidi, maana hugeuza kichwa ghafla.

Wakati wa kuhariri, kata picha ubakize nafasi upande anaotazama. Manyoya na mwamba hufanana rangi mno, hivyo ongeza mwanga kidogo usoni na uupunguze kwenye mwamba wa nyuma. Ukali wa picha uongeze machoni na usoni pekee; ukiongeza kote, chembechembe za jiwe zitashindana na mnyama.