Kuotesha na kutunza lithopsi, mimea inayofanana na mawe: mwongozo kwa anayeanza

Lithopsi nyingi zinazofia vyunguni huuawa na maji, na mara nyingi mwuaji ni mtu anayezipenda kwa dhati. Anaona mmea umesinyaa kidogo, anaingiwa na huruma, anaumwagilia, na wiki inayofuata anaokota ujiuji. Kwa hiyo kabla hatujafika kwenye udongo na chungu, tuangalie kwanza kilichomo ndani ya hicho kijiwe. Ukikielewa, maswali mengi utajijibu mwenyewe.

Asili ya lithopsi ni maeneo makavu ya kusini mwa Afrika, hasa Namibia na Afrika Kusini. Mwaka 1811 mtafiti Mwingereza William Burchell, akiwa karibu na Prieska, aliokota kitu alichodhani ni kokoto ya ajabu, kumbe ni mmea. Hukosei basi ukipita karibu nao usiuone. Ndivyo unavyojificha wasiuone wanyama wenye njaa na kiu.

Kila kichwa kimoja ni majani mawili tu, manene, yaliyoungana, na katikati yao pana mwanya. Shina lipo lakini ni fupi mno kiasi cha kutoonekana. Kule porini sehemu kubwa ya mwili imefukiwa ardhini, na kinachobaki juu ni uso wa majani wenye madoa na michirizi. Madoa hayo ni vidirisha: mwanga hupenya hapo ukashuka hadi kwenye kuta za ndani za jani, ambako umbijani (ile rangi ya kijani ya majani) umejipanga na kutengeneza chakula chini ya usawa wa ardhi. Vitundu vya kupitishia hewa hufunguka usiku, hewa inapokuwa ya baridi, ili maji yasipotee mchana.

Jambo la pili la kulishika ni hili: kila mwaka mmea hubadilisha majani. Jozi mpya huota ndani ya jozi ya zamani, ikanyonya maji na chakula chake chote, mpaka ile ya zamani inabaki gamba jembamba kama karatasi. Karibu kila kosa la umwagiliaji linatokana na kutojua mmea uko hatua gani ya mzunguko huu.

Hatua ya 1: Chagua mmea mzima, siyo mbegu

Mbegu nitazigusia baadaye, ila mtu anayeanza anunue mmea wenye umri wa mwaka mmoja au miwili. Ubonyeze ubavuni kwa upole: uwe mgumu. Uwe mfupi na bapa juu, usiwe umerefuka kama kidole. Ukiwa na jozi mbili za majani zilizopandana, zote zimenenepa, jua muuzaji alimwagilia wakati usiofaa.

Spishi zinazovumilia mikono mipya ni Lithops lesliei, Lithops aucampiae, Lithops karasmontana na Lithops salicola. Usishangae ukikuta Pleiospilos inauzwa kwa jina lilelile la mmea-jiwe. Hiyo ni ndugu yake, kubwa zaidi, yenye vitone vidogo mwili mzima, na ratiba yake ya maji si sawa na hii ninayoeleza hapa.

Na mbegu za lithopsi za rangi ya bluu zinazotangazwa mtandaoni? Hakuna kitu kama hicho. Rangi zake halisi ni kijivu, kahawia, maziwa, kijani na wekundu wa aina mbalimbali. Ununue pia kwa mtu anayeotesha mwenyewe, kwa sababu mimea inayong'olewa porini inamaliza makazi yake ya asili, na ikishahamishiwa chunguni hufa kwa urahisi.

Hatua ya 2: Chungu na mchanganyiko

Chungu kiwe na kina cha sentimita 10 hivi, maana mzizi mkuu hushuka chini. Kiwe na matundu. Kiwe cha udongo au cha plastiki, hilo halina uzito. Cha udongo hukauka haraka, basi. Chungu kisicho na tundu, hata kiwe kizuri namna gani, kiwekee vitu vingine.

Mchanganyiko ninaoutumia ni sehemu nne za vipande vya mawe kwa sehemu moja ya mboji iliyochekechwa. Vipande hivyo viwe na ukubwa wa milimita 2 hadi 5: pumisi (jiwe jepesi la volkano), perlaiti (punje nyeupe nyepesi za kuchanganya na udongo), au changarawe ndogo iliyooshwa vumbi lote. Mchanga wa pwani una chumvi, uache. Mchanga laini wa kujengea nao uache, kwa sababu huziba nafasi za hewa na ukikauka hushikamana. Udongo wa dukani ulioandikwa kuwa ni wa kaktasi bado una mboji nyingi mno kwa lithopsi, lakini unaweza kuutumia kama ile sehemu moja ya mboji.

Jaribu kabla ya kupanda. Jaza chungu, mwaga kikombe cha maji juu. Yakituama juu, hata kwa muda mfupi, ongeza mawe.

Hatua ya 3: Kupanda

Toa mmea kwenye kikopo ulichonunulia na uondoe udongo wote wa zamani, hasa ile mboji nyeusi iliyoshikilia mizizi. Kata mizizi iliyooza au iliyokauka kabisa. Uache mmea kivulini siku mbili tatu, vidonda vikauke.

Panda mzizi ukiwa umenyooka kwenda chini, na acha karibu nusu ya mwili juu ya udongo. Wapo watakaokushauri uufukie kama ulivyo porini. Mimi siungi mkono: chunguni unyevu hukaa muda mrefu kuliko jangwani, na shingo iliyozikwa huoza. Zungushia changarawe kavu shingoni. Usimwagilie kwa wiki nzima.

Lithopsi kadhaa zinaweza kukaa chungu kimoja. Usizichanganye na mimea mingine ya majani manene inayokunywa kila wiki, kwa sababu lazima mmoja wao ateseke.

Hatua ya 4: Mwanga

Jua la moja kwa moja la asubuhi kwa muda wa saa nne au tano kila siku, kisha kivuli chepesi mchana. Mmea uliotoka dukani kwenye kivuli usiuweke juani siku hiyohiyo. Uongezee kidogo kidogo kwa wiki mbili. Ukiungua, doa jeupe au la kahawia halitapona, ila litaondoka pamoja na majani hayo yatakapobadilishwa. Ukikosa mwanga utarefuka, utaegemea upande mmoja na rangi itapauka. Hapo usitegemee majani yaliyopo yarudi kuwa mafupi. Rekebisha mwanga sasa, usubiri jozi ijayo.

Hatua ya 5: Maji

Usifuate kalenda, ya kwangu wala ya mtu mwingine. Maelekezo mengi ya mtandaoni hutaja miezi, na miezi hiyo ni ya mwandishi wa nchi yenye majira manne. Aliye upande wa pili wa ikweta anapaswa kuigeuza, na aliye karibu na ikweta yenyewe haimfai kabisa. Tazama mmea.

*Majani ya zamani yamekuwa gamba kavu, mapya yamejitokeza.* Huu ndio wakati wa kunywesha. Mwagilia mpaka maji yatoke chini, halafu acha. Usirudie mpaka udongo ukauke hadi chini kabisa na ubavuni mwa mmea pawe na mikunjo midogo. Kikauke chungu wiki mbili, kikauke wiki nne, ni sawa. Ukibonyeza na kukuta mmea bado mgumu, weka kopo chini. Mwagilia asubuhi, na usiache maji yatuame ndani ya mwanya.

*Joto kali.* Lithopsi nyingi husimama kukua na kulala. Mikunjo ya wakati huu ni ya kawaida. Ukiona imezidi, nyunyiza maji kidogo jioni juu ya changarawe, kiasi cha kulowesha sehemu ya juu tu.

*Joto limepungua.* Mmea huamka na maua hujitokeza. Rudi kwenye utaratibu wa kwanza mpaka ua linyauke.

*Mwanya unapanuka na jani jipya linachungulia.* Acha maji kabisa. Majani ya nje yataanza kulegea, yatakunjamana, yatachukiza kuyatazama, na hali hii huenda kwa miezi, siyo wiki. Hapa ndipo huruma inapoua. Ukimwagilia, majani ya zamani yanajaa tena badala ya kunyonywa, na mapya yanabanwa ndani au yanapasuka. Usiyachune magamba kwa mkono pia. Yanayong'ang'ania bado yana kazi.

Msimu wa mvua, hamishia vyungu chini ya paa linalopitisha mwanga. Mmea mkavu huvumilia baridi, lakini usiuache kwenye baridi ya kugandisha maji.

Hatua ya 6: Maua na mbegu

Ua hutokea kwenye mwanya mmea ukiwa na miaka mitatu hadi mitano, la njano au jeupe, na mara nyingi hufunika mwili wote. Hufunguka alasiri na kujifunga jioni, kwa siku kadhaa. Ua haliwezi kujichavusha lenyewe: unahitaji mimea miwili tofauti ya spishi moja iliyochanua pamoja, na brashi laini ya kuhamishia chavua.

Tunda ni kavu na hubaki limefungwa mpaka lilowe. Matone ya mvua yakiliangukia, linafunguka na kurusha mbegu. Wewe tumia tone la maji kwenye kisahani.

Mbegu ni ndogo kama vumbi. Zitawanye juu ya mchanganyiko uliolowa, usizifukie, funika chombo kwa plastiki angavu na ukiweke penye mwanga bila jua kali. Huota ndani ya wiki mbili hivi. Zikishaota, fungua plastiki kidogo kila siku, la sivyo kinyausi, ugonjwa wa kuvu unaoozesha miche, kitazifyeka zote. Miche hii, tofauti na mimea mizima, haina akiba ya maji, kwa hiyo udongo wake usikauke kabisa miezi ya mwanzo.

Yanayoharibika

Ukiona vitu vyeupe vinavyofanana na pamba kwenye mwanya au mizizini, ni wadudu wafyonzaji. Vipanguse kwa pamba yenye spiriti ya asilimia 70, jioni, na usiuweke mmea juani mpaka spiriti ikauke. Wakiwa mizizini, ng'oa mmea, osha mizizi, tupa udongo wote na panda upya kwenye mchanganyiko mpya. Vijidoa vya kahawia vilivyokwaruzika usoni ni kazi ya utitiri. Nyunyizia dawa ya utitiri, kwa sababu dawa nyingi za wadudu wa kawaida haziugusi.

Mmea uliolainika ghafla na kuwa wa majimaji ukianzia shingoni umeoza, hautaokoka. Utoe pamoja na udongo unaouzunguka siku hiyohiyo, na chungu kilichobaki kikae bila maji mpaka uhakikishe majirani zake ni wagumu.